Hesabu Isiyomkataa Mtu

Mgawaji alikuwa mwizi wa kete. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi wanaomkumbuka wanamsimulia kama mtakatifu aliyesimamishwa altareni, na yeye mwenyewe angewacheka mpaka ugoro umpalie. Ukicheza naye bao, ukageuka kidogo kukohoa, ukirudisha macho shimo lako limepungua kete na yeye anatazama mto. "Bibi, umeniibia." "Hesabu basi, tuone." Ukihesabu zimetimia, maana ulipokuwa ukihesabu upande mmoja yeye amekwisha kuirudisha upande wa pili. Hapo anakasirika kwa kusingiziwa, na lazima umpe ugoro wa kumpoza.

Mwanamke huyuhuyu ndiye aliyewekewa mbegu za mji mzima, na katika mbegu hakuna aliyewahi kumshuku.

Mji wetu ulikuwa juu ya kichuguu kipana katikati ya mbuga ya Kilombero, mwendo wa asubuhi moja kwa mtumbwi kutoka Ifakara. Masika mto ukifura tulibaki kisiwa, sisi na kuku wetu. Kaya tuliiita mlango. Milango ilikuwa na mashamba yake, lakini shamba la mbegu lilikuwa moja, la wote. Mpunga wake ulikatwa shuke kwa shuke kwa kisu kidogo, ukafungwa vitita vya mashuke kumi kumi kwa ukindu, ukaning'inizwa darini kwa Mgawaji juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Mvua za kwanza zikinukia, vitita vilishushwa na kila mlango ukapata fungu lake.

Kazi hiyo ilikuwa na masharti mawili ya tangu zamani. La kwanza, anayegawa huchukua fungu la mwisho, wengine wote wakishachagua. Hilo ni zuri, linamfanya awe na macho makali. La pili, mafungu yasipotoka sawa, masazo ni yake. Hilo ndilo lililoharibu watu. Mzee aliyemtangulia katika kazi ile alikuwa akigawa hovyo makusudi ili yabaki mengi, na watu walimwona akinenepa wakati wao wanakonda. Mgawaji alipopewa kazi aliapa mbele ya watu kwamba hatakula masazo hata punje. "Masazo yana mdomo," alikuwa akisema. "Ukiyala yanakusema."

Sasa mtu asiyetaka masazo afanyeje, na idadi ya milango haitulii? Mwaka huu milango sita, mwakani mtu kaoa ikawa saba, mwaka wa tatu mjane kahamia kwa kaka yake ikarudi sita, halafu wakaja wageni wawili. Mbegu zinatundikwa wakati wa mavuno, na huwezi kujua mvua zitakapokuja watu watakuwa wangapi. Ndipo alipoitafuta hesabu yake. Mimi alinieleza miaka mingi baadaye, tukipepeta mpunga, na alieleza kana kwamba anasimulia ugomvi wa ndoa.

"Nilianza na sitini," alisema. "Sitini ni mtu mwema. Mkiwa wawili anagawika, mkiwa watatu, wanne, watano, hata sita. Lakini akija saba, sitini anamfungia mlango. Saba ana tabia za mkwe, huwezi kumkalisha kwenye mkeka wa watu. Lazima umtandikie wake. Basi nikazichukua sitini mara saba."

"Mia nne na ishirini."

"Mia nne na ishirini. Saba akakaa. Akaja nane, akanuna. Nane hataki makubwa, alitaka iongezwe maradufu tu. Mia nane na arobaini. Akaja tisa, naye kanuna, nikaichukua mara tatu. Ikawa elfu mbili mia tano na ishirini. Nikamngojea kumi kwa hofu, mwanangu, nikijua huyu naye atataka vyake. Kumi akapita akaketi. Hakudai kitu! Kumbe mbili na tano walikuwa ndani siku nyingi, na yeye ni mtoto wao."

Alicheka alipofika hapo, na kila mara aliposimulia alicheka hapohapo. Elfu mbili mia tano na ishirini. Neno elfu alijifunza kwa mwenye duka mmoja wa pwani pale Ifakara, na alilipenda kiasi kwamba alilitamka polepole, kama anayenyonya mfupa. Tangu hapo kila mavuno alihesabu mashuke mpaka hapo, akatundika. Yaliyozidi yalitwangwa siku hiyohiyo tukala wote. Milango iwe mmoja, iwe kumi, kila mtu alipata sawa na chini hapakubaki shuke.

Alihesabu kila kilichokaa mbele yake. Alihesabu viboko majini na kuwatukana kwa idadi yao. Kwenye msiba mmoja nilikaa karibu naye, watu wanalia, mimi pia nalia, akaniinamia sikioni. "Arobaini na saba," akasema. "Hawa hawagawiki kwa lolote. Angekuja mmoja tu wangetengemaa." Nilitaka kumkemea, nikajikuta natazama njiani kama atatokea huyo mmoja.

Alikuwa mkali, mwenye kinyongo, na mpishi mbaya ajabu. Watoto aliwapenda kwa mbali. Mtu mgonjwa alimtembelea kila siku lakini hakujua la kumwambia, basi alikaa mlangoni akanusa ugoro wake, kisha akaondoka. Nilimpenda sana. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wakati wa uhai wake hakunipa nafasi ya kusema.

Sasa niseme tulivyofika kwake, maana sisi si wazaliwa wa mji ule.

Vita vya maji vilipowaka, watu wa kichuguuni walikwenda kupigana kama wengine. Mpiga ngoma wa mji, mzee mrefu mwenye sauti ya pole, alipeleka wana wawili kuelekea Mahenge, na hakurudi hata mmoja. Baada ya hapo askari wa Wajerumani wakapita bondeni wakichoma. Walichoma nyumba, wakachoma maghala, wakachoma hata mpunga uliosimama shambani. Watu wakaingia kwenye matete wakaishi na mbu. Mgawaji aliingia na mitungi mitatu mikubwa iliyofunikwa kwa udongo, na ndani mlikuwa na vitita vyake vyote.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mpiga ngoma mwenyewe. Njaa ilipokaza, watu wakila ming'oko na mizizi ambayo hata jina haina, alimfuata Mgawaji kwenye matete. Mkewe alikuwa amelala hawezi kuinuka. "Dada, nipe kitita kimoja tu nimpikie uji." Mgawaji akakataa. Akamwomba mashuke matano. Akakataa. Akamwomba moja. "Hesabu ikitoboka moja imetoboka yote," akamjibu, "na mvua zikija tutakuwa tumekula mwaka ujao." Mpiga ngoma alimlaani kwa maneno ambayo hakutaka kunirudia. Mgawaji naye alikuwa mifupa mitupu, amelala juu ya mitungi ya mpunga. Alimpa ming'oko yake ya siku ile, akageukia upande wa pili. Mkewe mpiga ngoma aliinuka baadaye, na ni yeye aliyemzuia mumewe asiivunje ile mitungi.

Sisi tulikuwa ng'ambo, upande wa Michenga. Mji wetu ulichomwa wote. Mume wangu alikamatwa na askari akabebeshwa masanduku mpaka Mahenge, na masanduku yale yalikuwa ya risasi. Hakuwa na hiari, fimbo ilikuwa mgongoni, lakini alibeba. Alipoachiliwa akanikuta mwituni kwa bahati, tukakaa tukingojea mvua tusijue tutapanda nini. Wengine wa mji wetu walikuwa wamekufa au wametawanyika. Tulisikia kwamba kichuguuni kuna mwanamke mwenye mbegu. Tukavuka. Hatukuwa na ndugu pale. Tusingepata mbegu siku ile, tusingekuwa na mwaka mwingine mbele yetu.

Tulifika wakati mikeka inatandikwa. Milango iliyorudi ilikuwa kumi kamili, na mikeka ilikuwa kumi. Mgawaji alikuwa amechuchumaa kati ya mitungi, nywele zimenyonyoka kwa njaa. Mume wangu akaamkia, akaeleza tulikotoka, na kwa kuwa ni mtu asiyejua kuficha, akaeleza na masanduku.

Mpiga ngoma akasimama.

"Aliyebeba risasi zilizowaua wanangu," alisema kwa ile sauti yake ya pole, "aje kupanda mbegu nilizonyimwa mimi?"

Nilimchukia mzee yule wakati uleule nikijua kwamba ana haki. Mume wangu alitazama chini.

"Kaa, kaka," Mgawaji akasema. "Tandikeni mkeka mwingine."

"Hautandikwi. Hesabu yako mwenyewe imewakataa. Wewe unatuambia kila mwaka, inakubali mmoja mpaka kumi. Sisi ni kumi. Mlango wa kumi na moja haumo."

Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, haumo. Wala hawakusema kwa ubaya. Miaka yote walikuwa wamemsikia akihesabu mpaka kumi na kucheka, wakaona kwamba kumi ni ukuta uliojengwa na hesabu yenyewe. Kosa hilo lisingefanywa na watu wa mji mwingine wowote, kwa sababu mji mwingine haukuwa na hesabu.

"Nimesema inakubali mpaka kumi," Mgawaji akajibu. "Sijasema inamkataa wa kumi na moja. Sijawahi kuiuliza."

Akauvua mtandio wake mwenyewe, akautandaza chini penye nafasi. Huo ndio uliokuwa mkeka wa kumi na moja.

Akaanza kugawa. Vitita ishirini kila mkeka, kwanza. Watu wote wamesimama wanahesabu kwa midomo. Vikabaki thelathini na viwili, akaongeza viwili viwili. Kisha akasimama, na mimi nikaona alichokiona. Mbele yake palikuwa na vitita kumi, na mikeka kumi na moja.

"Kumi!" mtu akapaza sauti. "Mnaona? Vimebaki kumi!"

Hata mimi niliamini. Ilikuwa kama hesabu imefungua kinywa ikasema, hawa wawili nje.

Mgawaji akakichukua kitita cha kwanza, akakata ukindu kwa meno. "Kitita ni kamba tu," akasema. Akavifungua vyote kumi, mashuke mia moja yakalala ovyo ardhini, akaanza kuweka shuke moja moja, akizunguka. Akazunguka na kuzunguka, mgongo umeinama, anapumua kwa shida, na kila alipopita kwenye ule mtandio aliweka kwa utaratibu uleule. Kila mkeka ukapata tisa. Chini pakabaki shuke moja.

Mpiga ngoma akalinyooshea kidole. "Ndio hao," akasema. "Hesabu imewatema."

Mgawaji alilitazama shuke lile. Alikuwa hajawahi kuona masazo tangu aanze kazi. Akaliokota. Akalitia mdomoni, akalivuta kwa meno mpaka bua likatoka tupu, akatafuna mpunga mbichi na maganda yake mbele ya watu ambao hawakuwa wameonja mpunga tangu maghala yachomwe. Alitafuna sana, akakohoa, machozi yakamtoka kwa maganda, akameza.

"Haya," akasema. "Kimebaki nini?"

Akawazungushia macho mmoja mmoja.

"Nauliza, kimebaki nini?"

"Hakuna kitu," mkewe mpiga ngoma akasema.

"Basi hesabu haikumkataa mtu. Ilikuwa imezidi shuke moja, na masazo ni yangu kwa sheria." Kisha akamgeukia mpiga ngoma, na sauti ikabadilika. "Kaka, wanao siwezi kukurudishia. Ningekuwa na hesabu ya kuwarudisha ningeifanya mpaka nife. Hii ninayoiweza ni ya mpunga."

Mzee yule alikaa chini kwenye mkeka wake akajifunika uso. Mgawaji akamwita mume wangu achague kwanza, maana mgeni huchagua kwanza. Alichagua fungu lililokuwa juu ya mtandio, kwa kuogopa kugusa la mtu. Wengine wakafuata. Mgawaji akachukua la mwisho. Mwaka ule tulipanda wote, haba, na mpunga ukatoka.

Mpiga ngoma hakuwahi kutuomba radhi, nasi hatukudai. Lakini mwanetu wa kwanza alipozaliwa alileta kambale mnene, akamweka mlangoni, akaondoka bila kuaga. Mambo mengine hayana njia nyingine ya kusemwa.

Mgawaji yeye hakunisamehe upesi. Aliniita Kumi na Moja, na mji mzima ukafuata, mpaka jina langu likapotea. Nilipomshukuru alinifokea. "Unanishukuru nini? Umenilisha masazo. Miaka yote nimekaa safi, umekuja wewe na mumeo na njaa zenu." Basi kila mavuno nilimpelekea shuke moja la shambani kwangu, kumrudishia. Kila mavuno alinijibu, "Mpe kuku." Nikampa kuku. Ulikuwa mchezo wetu.

Lakini hesabu ilikuwa imemwingia kama kibanzi. Alijua sasa kwamba ile elfu mbili mia tano na ishirini ina mtu isiyemtosha. Alifikiri, akanuna, akafikiri, mpaka siku moja akanijia shambani mbio na miguu yake ile mibovu. "Kumi na moja naye ni mkwe!" akapiga kelele. "Kama saba! Anataka mkeka wake! Unaichukua yote mara kumi na moja!" Akaketi kwenye tuta, akatamka polepole: elfu ishirini na saba mia saba na ishirini. Halafu akanishika mkono. "Na kumi na mbili amekuja bure," akasema. "Alikuwa ndani siku zote."

Hatukuwa na shamba la hesabu kubwa namna ile. Ilibidi tulipanue mwaka kwa mwaka, na mwaka hesabu ilipotimia dari ya Mgawaji ilitaka kuanguka kwa uzito. Siku ya kugawa ilituchukua kutwa nzima. Tulikuwa bado milango kumi na mmoja, na kila mlango ulipata mashuke elfu mbili mia tano na ishirini. Kila mmoja alirudi kwake na ile hesabu nzima iliyokuwa ya mji wote mwaka wa njaa. Mpiga ngoma alilibeba fungu lake kichwani akilia kama mtoto, na siku ile usiku kucha alipiga ngoma kwa mara ya kwanza tangu vita.

Macho ya Mgawaji yalipoingia ukungu binti yake alimchukua kwenda kukaa naye katika kijiji cha Mbingu. Mji uliendelea kutundika hesabu ileile kwa mazoea. Kisha ukafika mwaka ambao mvua zilikuwa zimekwisha kunguruma milimani na vitita havijashushwa, kwa sababu tulikuwa tumegombana. Mpiga ngoma, mzee kabisa sasa, akaniita. "Nenda Mbingu, Kumi na Moja. Kamuulize agawe nani. Tusipogawa upesi mbegu itaoza darini."

Nilimkuta barazani kwa binti yake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono inahesabu kitu kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumi na Moja huyo." Hakuuliza, alijua. "Milango mingapi sasa?"

"Kumi na mitatu."

Vidole vyake vikatembea kidogo. "Yanabaki manne."

"Ndiyo hayo, bibi. Mashuke manne. Watu wanne wanataka kuwa mgawaji, na kila mmoja anatazama hayo manne. Mpiga ngoma anasema umtaje mtu."

Hakutaja mtu. Akauliza habari za kuku, za mafuriko, za mkewe mpiga ngoma. Kisha akauliza, "Umeniletea nini?"

"Shuke moja, kama siku zote."

Nilingoja aseme nimpe kuku. Akanyoosha mkono. Alilipapasa shuke toka juu mpaka chini, akanirudishia. "Pukuchua. Tugawane."

Nikapukuchua kwenye ungo, nikatenga punje moja kwake na moja kwangu, na yeye amegeuza sikio akisikiliza. Nilipomaliza nikamwambia achague. Akayapapasa mafungu yote mawili bila haraka, akachagua. Nikachukua la mwisho.

"Imebaki punje moja, bibi." Nikaisukuma upande wake.

"Masazo ni ya nani?"

"Ya mgawaji."

"Na aliyegawa ni nani?"

Nilielewa. "Bibi, mimi ni wa kuja. Mume wangu alibeba masanduku. Watakataa."

"Umewauliza?"

Niliiokota punje ile nikaitia mdomoni. Ganda lake lilinichoma ulimi, machozi yakanitoka, na nilitafuna mpaka ikaisha.

"Inakusema?" akauliza.

"Bado, bibi."

"Itakusema. Nenda sasa, mvua hiyo."